Buti Gumu na Mguu wa Askari

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na mavazi ya sherehe. Ni mara chache mtu hutazama chini, kwenye miguu. Hata hivyo, mguu nao una historia yake, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki historia hiyo haikuwa nyepesi. Yuko aliyeruhusiwa kuvaa kiatu, na yuko aliyekatazwa. Yuko aliyevishwa kwa amri, na yuko aliyevuliwa kwa amri. Katika insha hii nataka kulizungumzia buti la ngozi, lile jipya, gumu kama ubao, ambalo mvaaji hana budi kulizoesha siku nyingi kabla halijakubali kuwa lake. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Wengi huutumia msemo huu kwa fumbo. Askari wetu waliujua kwa maana yake halisi.

Kwanza yatupasa kukumbuka kwamba kiatu hakikuletwa hapa na Mzungu. Watu wa pwani walikuwa na makubadhi yaliyoshonwa kwa ngozi na kutiwa nakshi, walikuwa na ndara, na walikuwa na mitalawanda, yaani viatu vya mti vilivyosikika mbali vikigonga sakafu ya chokaa. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa mafundi wake wa ngozi. Bara nako wafugaji walikata ndara za ngozi ya ng'ombe, ambazo ziliwavusha katika mbuga zenye miba. Lakini tazama jambo moja: viatu vyote hivi vilikuwa vya kuchomeka na kuchomoa. Mtu anayeingia msikitini, au anayepanda barazani kwa mwenyeji wake, huviacha mlangoni kwa kutikisa mguu tu. Buti lenye gidamu ndefu na matundu mengi lisingeweza kuzaliwa katika desturi kama hiyo. Lilizaliwa kwenye nchi za matope na baridi, kwa watu ambao huingia nyumbani na viatu vyao.

Kiatu kilikuwa pia alama ya daraja. Huko Unguja, katika zama za utumwa, mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu. Kichwa kitupu na mguu mtupu vilikuwa hati aliyoibeba mwilini, isomwe na kila apitaye. Utumwa ulipopigwa marufuku visiwani mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, watu waliokuwa wamefungwa nao walijipatia kofia na makubadhi mapema iwezekanavyo. Msomaji asidhani walifanya hivyo kwa kupenda fahari. Walikuwa wakiifuta ile hati.

Nalitaja hili mapema kwa sababu bila ya hilo hatutaelewa kwa nini suala la buti jeshini lilikuwa zito.

Wajerumani walipounda jeshi lao la Schutztruppe katika mwaka 1891, walimvika askari wao mabuti ya ngozi. Buti hilo, pamoja na bunduki, lilimtenga askari na wanakijiji wenzake, na si ajabu kwamba wazee wengi walimkumbuka askari wa Mjerumani kwa mshindo wa miguu yake kabla ya kumkumbuka kwa sura. Vita vya mwaka 1914 vilipokuja, meli za Waingereza zikafunga bahari, na mabuti kutoka Ulaya hayakufika tena ila kwa bahati. Ndipo ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini zikaanza kudabaghiwa humu humu nchini, na mafundi wakashona viatu kwa kukisia. Jenerali Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 1920, anaeleza kuwa yeye mwenyewe alifanya majaribio ya kutembea kwa ndara ili aepukane na shida ya mabuti isiyokwisha. Akaona kwamba ndara humfaa mtu aliyekwisha kujizoesha kwenda pekupeku; asiyezoea, hazimfai. Hayo ni maneno ya kuzingatia. Mkuu wa jeshi la Kizungu, katikati ya vita, alilazimika kwenda kusoma katika shule ya mguu wa Kiafrika.

Kuhusu wapagazi, wale waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili hadi wakaiachia mitaa ya Kariakoo jina lake, kwao hapakuwa na mjadala wa buti. Walikwenda pekupeku. Tena walikwenda katika nchi ambayo funza, mdudu aliyevuka bahari kutoka Amerika na kufika Angola mwaka 1872, alikuwa amekwisha kuenea hadi pwani yetu. Funza huingia chini ya ukucha na kuatamia mayai yake humo. Akiachwa, kidole huoza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi, na sehemu ya maradhi hayo ilianzia kwenye nyayo.

Sasa tuwatazame Waingereza. Jeshi lao la Kiafrika, King's African Rifles, ambalo watu wetu walilifupisha kuwa Keya, liliundwa rasmi mwaka 1902. Ukizitazama picha za magwaride yake katika miaka ya kati ya vita vile viwili vikuu, utamwona askari amesimama wima, tarbushi kichwani, vifungo vinang'aa, vitambaa virefu vya sufi vimezungushwa kwa ustadi kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo cha mguu. Chini ya kifundo hakuna kitu. Ni mguu mtupu juu ya changarawe. Palipokuwa na miba mingi alipewa ndara. Kando yake amesimama ofisa wake na buti linalong'aa kama kioo.

Maofisa walikuwa na maelezo yao. Walisema mguu wa Mwafrika ni mgumu kwa maumbile, kwamba askari hutembea mwendo mrefu zaidi bila kiatu, na kwamba buti lingemharibu. Maelezo haya yalikuwa na chembe ya kweli ndani yake, na ndiyo maana yalidumu. Mguu uliozoea ardhi hakika hujenga sugu imara, na katika mchanga mkavu hutembea kwa wepesi ambao buti haliwezi kuupata. Lakini sugu haizuii msumari, wala nyoka, wala funza. Kadhalika haikuwa siri kwamba mguu mtupu ni rahisi kuuhudumia: hauna bei, haushonwi, hauagizwi kwa meli. Mtu akikuambia kwamba maumbile yako ndiyo yanayomwokolea yeye fedha, una haki ya kuyachunguza maneno yake mara ya pili. Wengi wa askari hao waliyachunguza. Kwao kukaa miguu mitupu mbele ya gwaride, huku wanakijiji wakitazama, kulifanana mno na ile hati ya zamani niliyoitaja hapo juu.

Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyoubadili mpango huo. Kutoka Tanganyika peke yake walichukuliwa vijana zaidi ya 80,000. Askari wa kikosi cha Tanganyika walipigana Ethiopia mwaka 1941, katika mapigano ya Colito ambayo jina lake lilipewa kambi ya Dar es Salaam inayoitwa Lugalo siku hizi. Kadiri vita vilivyoendelea, na ilipokuwa dhahiri kwamba askari wa Afrika Mashariki watapelekwa Burma, kwenye misitu ya mvua, buti likawa sehemu ya vazi lao. Vijana walilipokea kwa furaha. Halafu wakalivaa.

Hapa yafaa kueleza kwa nini buti jipya hutesa, maana vijana wa shule wa siku hizi, waliozoea viatu vya mpira na kitambaa, huenda wasilijue jambo lenyewe. Ngozi ya mnyama ni mkusanyiko wa nyuzinyuzi nyembamba mno zilizosokotana pande zote. Mnyama akiwa hai, nyuzi hizo huteleza moja juu ya nyingine kwa sababu ya maji na mafuta ya mwilini. Akichunwa na ngozi ikaachwa, ama itaoza ama itakauka na kuwa kama kigae. Fundi huizuia isioze kwa kuiloweka katika maji ya magome yenye utomvu mkali: magome ya mkandaa kutoka mikoko ya Rufiji, ambayo zamani yalisafirishwa hata Ulaya kwa kazi hiyo, au magome ya miwati, miti ambayo mashamba yake makubwa yalianzishwa Njombe mnamo mwaka 1949. Utomvu huo huzishika nyuzi na kuzifunga pamoja. Ngozi haiozi tena, lakini imekuwa nzito na kaidi. Soli ya buti la jeshi ilikuwa ya ngozi ya namna hii, tabaka juu ya tabaka, ikapigiliwa misumari yenye vichwa vinene na chuma kwenye kisigino. Sehemu ya juu ilikuwa ya ngozi nene iliyotiwa mafuta kidogo. Mguu ukiingia humo siku ya kwanza, hakuna kinachokunjika isipokuwa mguu wenyewe.

Kuna sababu nyingine, nayo yahusu umbo. Kila kiatu hushonewa juu ya kigogo cha mti kilichochongwa mfano wa mguu, kama vile kofia yetu ya vito inavyokaushwa juu ya faroma ili ishike umbo la kichwa. Lakini vigogo hivyo vilichongwa kwa mfano wa mguu wa Ulaya, ambao tangu utotoni umefungwa katika kiatu, vidole vyake vimebanana na kuelekea mbele. Mguu uliokua bila kiatu hutanuka mbele. Kidole gumba hukaa mbali na wenzake, nacho hufanya kazi ya kushika ardhi. Mguu kama huo ukiingizwa katika buti la ugeni, hubanwa kwa upana hata kama urefu unatosha. Mwenye kuchagua buti kubwa zaidi ili apate upana hujikuta kisigino kinacheza, na kisigino kinachocheza ndicho kinachotoa malengelenge. Kwa hiyo kuruti yule alikuwa na mawili ya kuchagua, na yote mawili yalikuwa kidonda.

Njia za kulizoesha buti zilijulikana, na aliyetangulia alimfundisha aliyefuata. Ya kwanza ni mafuta. Shahamu ya ng'ombe, au mafuta maalumu ya ngozi yaliyotolewa jeshini, hupakwa kwa kidole na kusuguliwa ndani ya mishono na pale buti linapokunjika juu ya vidole. Mafuta hayo hurudisha kwenye nyuzi ule utelezi uliotoka siku mnyama alipochinjwa. Ya pili ni mkono: kabla ya mguu kulikunja buti, mkono hulikunja mara mia, soli ikielekezwa juu na chini, hadi mkunjo wa kwanza upatikane mahali panapostahili. Ya tatu ni maji, na hii ndiyo njia ya watu wasio na subira. Buti hulowekwa, huvaliwa likiwa limelowa pamoja na soksi nene, na mtu hutembea nalo mpaka likauke mguuni mwake. Samaki mkunje angali mbichi. Ngozi nayo hivyo hivyo. Ikikauka huku imeushika mguu, hubaki na umbo la mguu ule na si la mwingine. Lakini ole wake atakayelikausha kando ya moto ili awahi! Joto huzifanya nyuzi zijikunyate, na buti hutoka hapo gumu kuliko lilivyonunuliwa, kisha hupasuka.

Wako waliotumia mkojo. Askari wa Kiingereza walikuwa na simulizi yao ya tangu zamani kwamba buti likitiwa mkojo usiku kucha hulainika, nao waliisimulia kwa kila kuruti mpya, pengine nusu kwa mzaha. Mwalimu asione haya kulieleza darasani, kwani lina elimu ndani yake: mkojo uliokaa hutoa amonia, na watengeneza ngozi wa mataifa mengi waliutumia tangu kale katika kuondoa manyoya na kulainisha ngozi. Kama ulifaa kitu kwa buti lililokwisha kushonwa, hilo ni jambo la wavaaji kushuhudia. Mimi nimebaki na shahamu.

Nasema hivyo kwa kuwa nami nilivaa buti la aina hiyo katika Jeshi la Kujenga Taifa, nilipokwenda kwa mujibu wa sheria. Lililonipata ni la kawaida na wala halistahili masimulizi marefu: siku tatu za kuchechemea kwenye kwata, wiki moja ya kufunga vitambaa, na baadaye mshangao wa kugundua asubuhi moja kwamba sikuliwaza buti tangu nilipoamka. Sijui mpaka leo ni nani aliyeshindwa kati yetu. Ngozi ililainika, lakini mguu wangu nao ulikuwa na sugu mahali pasipokuwa na sugu.

Na hili ndilo neno ambalo vitabu vya historia ya kijeshi hulipita haraka. Husemwa kwamba askari "alipewa mabuti," kana kwamba shughuli iliishia ghalani alipotia sahihi. Ukweli ni kwamba kila askari alilitengeneza buti lake upya kwa mwili wake. Pale chini ya kidole gumba paliacha shimo lake. Mikunjo ya juu ilifuata hatua yake. Kisigino kililika upande alioelemea. Baada ya miezi michache buti halikuweza kuazimwa tena. Lililotoka kiwandani likiwa sawa na maelfu ya mengine lilikuwa sasa la mtu mmoja, na katika jeshi ambamo karibu kila kitu kilikuwa cha Serikali ya Mfalme, hilo halikuwa dogo.

Huko Burma buti lilipata mtihani ambao shahamu haikuweza kuutatua. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika masika ya mwaka 1944, ikiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal, na mwezi wa Desemba ikauvuka mto Chindwin pale Kalewa. Mvua ilinyesha siku kwa siku, wiki kwa wiki. Ngozi isiyopata kukauka huota ukungu, nyuzi zake hulegea, mishono huoza. Mguu uliofungwa humo nao huvimba na kuchubuka. Hapo ule ubishi wa zamani wa mguu mtupu na mguu uliovikwa ukapoteza maana. Katika matope ya Kabaw hapakuwa na mguu uliosalimika kwa sababu ya asili yake. Mwafrika, Mhindi na Mwingereza walikaa chini wakakamua soksi kwa namna moja.

Vita vilipokwisha askari walirejea makwao, na lugha yetu ikarejea na mzigo. Neno buti likapata makazi ya kudumu. Neno njumu, ambalo tangu zamani lilikuwa jina la vipande vya madini vilivyopachikwa katika mti kwa nakshi, mathalan kwenye kitako cha bunduki, likahamia kwenye kiatu cha kuchezea mpira, kwa sababu ya vile vidude vya chini yake. Lakini hata uwanjani buti halikushinda kwa siku moja. Timu ya Uganda iliyozuru Uingereza mwaka 1956 ilikuwa na wachezaji wengi waliocheza pekupeku. Naye Abebe Bikila wa Ethiopia, alipofika Roma mwaka 1960 kwa mbio za marathoni, alijaribu viatu vipya, akaona vinamuumiza, akaviacha. Alikimbia miguu mitupu na kushinda kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Yeye alikuwa askari wa kikosi cha ulinzi wa Mfalme Haile Selassie, na mabuti aliyajua. Miaka minne baadaye, kule Tokyo, alikimbia na viatu akashinda tena. Wanaomtaja Bikila kama ushahidi kwamba Mwafrika hahitaji kiatu humtaja kwa nusu ya habari yake. Alivua kwa hiari, akavaa kwa hiari.

Hiari ndiyo waliyoikosa wale wa gwaride la changarawe, na hiari ndiyo iliyotafutwa baada ya Uhuru. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipofuatwa na hatua za Serikali kuchukua hisa katika viwanda, kampuni ya viatu ya Bata ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa, na viatu vyake vikaja kujulikana kwa jina la Bora. Kwa wale ambao Bora ilikuwa ghali, palikuwa na katambuga zilizokatwa katika matairi ya magari, kiatu ambacho hakihitaji kuzoeshwa hata siku moja, na ambacho fundi wa chini ya mwembe hukimaliza wakati mnunuzi akingoja. Kiwanda kikubwa cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni nne kwa mwaka na sehemu kubwa kuuzwa Ulaya. Hakikupata kufikia hata sehemu ya kumi ya lengo hilo. Ngozi tulikuwa nazo. Mashine, vipuri na soko vilikuwa mikononi mwa wengine, na kikafungwa.

Kazi ya ngozi haikufa pamoja nacho. Huko Karanga, Moshi, Jeshi la Magereza limeshona viatu kwa miaka mingi, na mabuti ni miongoni mwake. Buti linalotoka hapo lina ukaidi ule ule wa siku zote. Kuruti anayelipokea hukaa ukingoni mwa kitanda, hulishika kwa mikono miwili, soli juu, soli chini, na kuanza kulikunja.